Chokaa Haikupata Moto

Ijumaa, Julai. Saa nane na nusu mchana, na bado nimevaa koti.

Masasi leo imeamka na baridi ya kuazima. Huku kwetu chini, Julai huwa na upepo wa kumfanya mtu atafute shuka la pili, basi. Lakini asubuhi hii milima yetu ya mawe ilikuwa imefunikwa na wingu mpaka kiunoni, na mchana msikitini watu wamesali na masweta. Kama huku chini ni hivi, huko juu Newala mtu akiongea anatoa moshi mdomoni. Sikuanza na hali ya hewa kwa kufuata desturi ya shajara. Nimeanza nayo kwa sababu ninachokiogopa leo kinatoka kwenye baridi hiyo.

Nimekaa kwenye intaneti kafe ya karibu na stendi. Kando ya kibodi kuna chupa ya kioo, ya soda, niliyoiziba kwa kizibo cha mpira na kuileta hapa mfukoni mwa koti. Mwenye kafe ameniuliza kama ni asali. Nimemwambia ni dawa ya kifua. Huo ni uongo wangu wa nne tangu asubuhi, na ndio mdogo kuliko yote.

Ndani ya chupa kuna matabaka mawili.

Ninyi wachache mnaosoma ukurasa huu mnanijua kama mwalimu wa kemia anayelalamika. Nimelalamikia maji ya bomba, nimelalamikia wanafunzi wanaoandika majibu viganjani, nimelalamikia wakuu wa shule watatu mfululizo. Leo sina wa kumlalamikia. Naandika ili nisikae tu hapa nikitazama chupa.

Habari yenyewe inamhusu Hassani. Hassani ni mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, na ni dereva wa mnunuzi binafsi wa korosho. Tangu soko lilipofunguliwa na wanunuzi kuanza kuja wenyewe, madereva wao wamekuwa watu wenye jina hapa. Msimu wa korosho ukiisha hawana kazi nyingi, na kwa kuwa hawana kazi wamebuni mchezo. Wanakutana Newala, pembeni ya uwanda ambako ardhi inakatika ghafla na macho yanakosa pa kushika. Gari moja moja linateremka kwa barabara ya vumbi mpaka bondeni, linageuza, linapanda tena, na wenzake wanasimama juu na saa. Mwaka huu kuna mtu wa Dar mwenye magari ya rali ambaye ameahidi kuja kutazama, na inasemekana anatafuta dereva. Hassani haongei kingine tangu Mei. Mama Zuhura, yaani mke wangu, anasema mdogo wake amechumbia gari.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la milango miwili, la Kijapani, lililokuja nchini likiwa limeshazeeka kwa wenzetu. Lililomo ndani ndilo jipya. Injini ameijenga Fundi Chilumba, ambaye gereji yake ipo nyuma ya soko. Huyu mtu haongei mpaka awe ameshafuta mikono.

Niwaeleze kidogo, maana hapa ndipo nilipoingia mimi. Injini ya kawaida inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara nane au tisa kabla ya kuuwasha. Fundi Chilumba aliisaga silinda hedi, akaweka pistoni zenye kichwa kilichovimba zilizoagizwa Dar, na sasa injini ya Hassani inabana mara kumi na mbili. Ukibana zaidi unapata nguvu zaidi. Lakini petroli nayo ina mwisho wa uvumilivu. Ikibanwa kupita kiasi inalipuka yenyewe kabla plagi haijatoa cheche, na hapo injini inaanza kugonga kama kokoto ndani ya kopo, na ikiachwa igonge pistoni inatoboka. Uvumilivu huo wa petroli una namba yake, unaitwa okteni. Kuchagua mafuta ya injini ya namna hii ni kutafuta okteni, na hapa Masasi okteni haina duka.

Hassani alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mkemia wa familia. Alikaa barazani, akanywa chai yangu, akasema, "Shemeji, fundi kamaliza kazi yake. Sasa gari linywe nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwa miaka mingi. Lilinipanda kichwani palepale.

Zamani kituo cha mafuta kilikuwa kimoja. Petroli ikiwepo ilikuwa petroli, na siku nyingi haikuwepo. Siku hizi vituo vimeota, kila mfanyabiashara na pampu yake, na petroli ipo kila siku, ila hakuna anayejua ni petroli kiasi gani. Mafuta ya taa yana bei ya chini, na mtu akiyachanganya kidogo, nani atajua? Mimi nilitaka kujua. Nilichukua vichupa kutoka vituo vitatu, nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe za daftari, nikaziweka dirishani. Petroli safi hukauka na kuiacha karatasi kama ilivyokuwa. Karatasi mbili zilibaki na kivuli cha mafuta mpaka jioni. Ya tatu ilikauka vizuri. Nikamwambia Hassani achukue ya pale, lakini kwa injini inayobana mara kumi na mbili hata hiyo haitoshi, bado inahitaji kuongezewa nguvu.

Yeye alitaja petroli ya ndege. Kwenye kiwanja chetu cha ndege kuna mapipa ya akiba kwa ajili ya ndege ndogo zinazochukua wagonjwa, na kila dereva hapa anajua kwamba mafuta yale hayagongi. Nilimkatalia kwa ukali. Nilimwambia mgonjwa akifa kwa sababu ya mchezo wao, damu hiyo itakuwa juu ya nani? Nilijiona mtu mwema sana siku ile.

Fundi Chilumba naye alikuwa na shauri lake. Alifuta mikono, akasema, "Mwalimu, tuweke gasketi mbili. Kompresheni ishuke. Gari litapungua nguvu kidogo, lakini litakwenda kwa petroli yoyote ile, na mtu atarudi kwao."

Hassani alinitazama mimi. Angeweza kumtazama fundi, maana kazi ilikuwa ya fundi. Alinitazama mimi, na mimi nikasema, "Hakuna haja."

Nilikuwa nimeshapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa gongo.

Msicheke. Au chekeni, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kila mwenye mikorosho huku anajua kazi ya mabibo. Korosho inakwenda kwa mnunuzi, na bibo lake linakamuliwa, linachachushwa, na kwa baadhi ya watu linaishia kwenye pipa na mrija. Kinachotoka kwenye mrija ni alkoholi, na alkoholi ina okteni ambayo petroli yoyote ya dukani haiioti. Nilikuwa naliona jambo hili kwa macho ya mtu aliyesoma. Tunakaa juu ya mafuta ya rali, nilimwambia Hassani, na tunayanywa.

Basi mimi, mwalimu, mtu wa swala tano, nilipanda pikipiki mpaka Lupaso na madumu mawili niliyoyaandika "maji ya betri". Nilikwenda kwa Mama Anjela, mjane wa makamo anayejulikana kwa pombe yake kama wengine wanavyojulikana kwa ushonaji. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Hata wewe, Mwalimu?"

"Ni ya gari, mama."

"Wote wanasema ni ya kitu," alisema, akaingia ndani kunitolea ya kichwa, yaani ile inayotoka mwanzo kwenye mrija. Aliimwaga kidogo kwenye kijiko, akaiwasha kiberiti, ikawaka moto wa bluu mpaka kijiko kikakauka. "Umeona? Haina maji hata tone."

Huku ndivyo watu wanavyopima. Ikiwaka, ni kavu. Mimi najua inawaka hata kama nusu yake ni maji, lakini sikumwambia. Nilikuwa na mpango wa kuitengeneza mwenyewe. Shule ilikuwa likizo, ufunguo wa maabara ninao. Niliichemsha na kuukeneka mvuke wake upya, mara mbili, kwa vioo vya serikali, na maabara ikanuka mabibo kiasi kwamba mlinzi alianza kuniamkia kwa heshima mpya.

Lakini kuna maji ya mwisho ambayo hayatoki kwa kuchemsha. Ni kidogo, yameing'ang'ania alkoholi, na yanahitaji kitu cha kuyanywa. Kitu hicho ni chokaa iliyotoka tanuruni, ambayo haijaguswa na maji. Ikiyagusa inachemka kwa joto lake yenyewe, na ndoo inakuwa ya moto mpaka mkono haukai.

Nilinunua chokaa dukani, ile wanayopaka kutani. Gunia lilikuwa wazi, limesimama barazani tangu sijui lini. Nilimuuliza muuzaji kama ni mpya, naye kwa kawaida ya wauzaji akasema imeingia jana. Niliimimina kwenye ndoo ya alkoholi, nikakoroga kwa ubao, nikaweka kiganja ubavuni mwa ndoo, nikasubiri.

Chokaa haikupata moto.

Nilibaki pale kwa muda mrefu, mkono kwenye ndoo baridi. Somo hili nalifundisha kila mwaka, Kidato cha Pili. Chokaa isiyopata moto ni chokaa iliyokwisha kunywa unyevu wa hewani, imeshiba, haiwezi kunywa tena. Nimeliuliza swali hilo kwenye mitihani. Nimewakata watu alama kwa kulijibu vibaya. Na siku ile, mtu mzima, peke yangu kwenye maabara, nilijiambia kwamba maji yenyewe ni kidogo ndiyo maana joto halionekani.

Ningeweza kutafuta chokaa nyingine. Inachomwa huko pwani, ingefika kwa siku nne au tano. Lakini Hassani alikuwa anangoja, na jina "mkemia wa familia" lilikuwa limeanza kunikaa vizuri. Nilichuja kwa kitambaa na kumpelekea. Nikamwambia ni kavu kabisa.

Tulichanganya kwa fundi, sehemu moja ya yangu na tatu za petroli. Ilipoingia ilifanya ukungu kidogo. Nikaona. Nikasogeza dumu juani, na baada ya muda ukungu ukaisha, mafuta yakawa maangavu, rangi ya chai isiyokolea. Hapo ndipo nilipojaza chupa hii, kwa mazoea ya maabara, kwamba kila ulichotoa ubakize sampuli.

Siku ya kujaribu gari ilikuwa ya jua kali. Hassani alikwenda mpaka njia panda ya Lukuledi na kurudi, na injini haikugonga hata mara moja. Ilikuwa na sauti ambayo sijaisikia katika gari dogo. Watu walitoka sokoni kuitazama. Mtu mmoja akaniita Profesa na wengine wakadakia. Ninakiri kwamba nilipenda. Sijawahi kuitwa Profesa na mtu ambaye hanidai alama.

Fundi Chilumba hakudakia. Alichukua bisibisi ndefu, ncha yake akaiegemeza kwenye injini inayonguruma na mpini akautia sikioni, kama wanavyofanya mafundi. Akasikiliza kwa muda. Akasema, "Inasema kitu. Bado sijakielewa." Nikamcheka mbele za watu. Nilimwambia inasema asante kwa mabibo.

Alifuta mikono kwa utaratibu wake ule ule. "Mimi chuma nakijua, Mwalimu," alisema. "Hayo maji yako siyajui. Kama yana neno, useme leo."

"Hayana neno," nilisema.

Jana alasiri Hassani aliondoka kwenda juu. Alikwenda kulala Mnyambe kwa shangazi yao, halafu leo asogee Newala mjini, kesho alfajiri wakimbie. Alisimamisha gari mlangoni kwetu kuaga. Nilimwonya kwa kirefu asiongeze petroli Mnyambe, kwa sababu msimu huu wa kupulizia salfa petroli yote ya vijijini kule imekwishatiwa oili kwa ajili ya mashine za kupulizia mikorosho. Ukiomba petroli unapewa hiyo, kwa mapenzi kabisa, na hakuna anayeona sababu ya kukuambia. Itaua injini yako, nilimwambia. Nilikuwa hodari sana wa makosa ya watu wengine. Alishika kifua, akasema, "Nimekusikia, shemeji. Natia yako tu." Mama Zuhura akampa mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, wakataniana kidogo, akaenda.

Leo asubuhi nilifungua pazia la chumbani.

Chupa ilikuwa pale nilipoiweka, dirishani, imekesha na baridi. Juu kulikuwa na petroli ya rangi ya chai. Chini, kama upana wa vidole viwili, kulikuwa na kitu cheupe kinachoonyesha upande wa pili, na katikati yao mstari ulionyooka. Nilitikisa. Kikawa maziwa. Nikaweka chini, nikahesabu, na mstari ukarudi mahali pake.

Kemia yake ni rahisi, na ningetamani isiwe. Kwenye joto, petroli yenye alkoholi inavumilia maji kidogo ndani yake. Baridi ikiingia inayafukuza. Na maji yakifukuzwa hayaondoki peke yake, yanaondoka na alkoholi. Chini linabaki tabaka la alkoholi na maji, ambalo injini ikilivuta inapaliwa na kuzimika. Juu inabaki petroli iliyoachwa bila nguvu niliyoiongeza, ambayo kwenye mbano wa kumi na mbili itagonga mpaka itoboe pistoni. Na tangi la gari ni chupa tu, kubwa kidogo. Limelala Mnyambe, ambako ni baridi kuliko dirishani kwangu.

Kuzimika kwa injini si jambo baya ukiwa unapanda. Unasimama, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, wenzako wanacheka. Lakini hawa wanaanza kwa kushuka. Breki za gari hili zinasaidiwa na pumzi ya injini. Injini ikizimika ukiwa kwenye mwendo, zinabaki mikanyago miwili mitatu, halafu pedali inakuwa ngumu. Barabara ile ina kona ambazo nimezipita nimekaa ndani ya lori la polepole, nikafumba macho.

Nilikuwa bado nimeishika chupa simu ilipoita. Saa tatu asubuhi. Alikuwa Hassani.

Sauti yake ilikuwa ya furaha, inakatika katika. Alisema wamefika Newala, ukungu ni mwingi, mtu wa Dar amekuja kweli. Halafu akasema, "Shemeji, limeamka na kikohozi. Linawaka, linazima, linawaka. Itakuwa mafuta?"

Mama Zuhura alikuwa mlangoni, ananitazama, anasubiri kujua mdogo wake anasemaje. Niliisukuma chupa nyuma ya pazia. Na huo ndio uongo wa kwanza wa leo, naunakili kama nilivyousema, neno kwa neno:

"Ni baridi tu hiyo. Ipashe moto kwanza, itakaa sawa."

"Nilijua," alisema. "Nilimwambia fundi ni baridi." Kumbe Chilumba alikuwa amepanda naye, amesimama pale pale, na alikuwa ameshauliza kama ni mafuta.

Simu ikakatika. Mke wangu akauliza, "Anasemaje?" Nikasema gari lina kikohozi kwa ajili ya baridi. Akacheka, akasema hata yeye anacho, akarudi jikoni kwake. Huo wa pili.

Nimejiuliza kuanzia saa ile kwa nini. Ningependa kusema sikuwa na muda wa kufikiri, lakini hilo si kweli, muda nilikuwa nao wote tangu siku ya ndoo. Nadhani niliiona picha ya watu kumi na tano wamesimama ukingoni Newala, na Hassani anawaambia, shemeji yangu anasema tumwage mafuta. Niliona wanavyogeuka. Nikaona nitakavyoitwa baada ya kuitwa Profesa. Kwa ajili ya hilo nilimwambia mtu aipashe moto.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu asubuhi na bado haijapungua ukubwa.

Dakika kumi baadaye nilipiga. Haipatikani. Nikapiga ya Chilumba. Haipatikani. Newala mtandao unashikika ukisimama mahali fulani, ukisogea hatua tatu umepotea. Nimepiga kabla ya swala, nimepiga baada ya swala. Nimetuma ujumbe, na mara hii niliandika ukweli: "Usiendeshe. Mafuta yana maji. Kosa langu. Mwaga yote." Simu yangu inasema ujumbe unasubiri.

Kwa hiyo napanda mwenyewe. Kuna Landrova moja hapo stendi ya kwenda Newala, inapakiwa. Dereva wake amesema haondoki kabla ya alasiri, na nilipomsihi aliniuliza kuna msiba? Nikasema hapana. Kama hakuna msiba, alisema, basi utangoja wenzako wajae. Sina cha kumlaumu.

Mpango ni huu. Mashindano ni kesho alfajiri. Nikifika kabla ya magharibi nitakuwa na muda wa kutosha. Nimebeba mpira wa kunyonyea mafuta tangini, umekunjwa kwenye mfuko. Nimebeba chupa. Nitaiinua mbele ya wote, akiwemo Chilumba na mtu wa Dar, nitawaonyesha mstari, nitasema chokaa haikupata moto na mimi nilijua. Wacheke. Halafu fundi ataweka gasketi zake mbili, kama zipo, au Hassani hatakimbia mwaka huu na atanichukia mpaka Ramadhani. Nayataka hayo yote. Sijawahi kutamani kuchekwa namna hii.

Mama Zuhura amenibipu mara moja tangu niondoke. Bipu moja kwake maana yake ni "rudi na mkate". Tangu tununue simu hizi hajawahi kuacha simu yangu iite zaidi ya mara moja. Anabonyeza, inalia kidogo, anakata, na mimi natakiwa kuelewa. Mbili ni "mgeni yupo". Anasema salio si la kuchezea na kwamba mwenye la kusema alisemee nyumbani. Uongo wa tatu nao nilimpikia yeye huko nyumbani, kwamba natoka kwenda swala na kununua chaki. Nitampa mkate na ukweli pamoja nikirudi.

Saa tisa kasoro tano. Landrova imepata abiria saba. Wingu bado liko kiunoni mwa milima.

Naongeza hapa chini, sifuti ya juu.

Ujumbe umeingia. Kwa sekunde moja nilifurahi, kwa sababu ni wa Hassani. Naunakili:

"Shemeji nimeipasha moto kama ulivyosema imekaa sawa. Mtu wa Dar anaondoka leo jioni kwa hiyo tunakimbia leoleo, swala imeshaisha. Mimi wa kwanza kushuka. Niombee."

Umetumwa saa saba na dakika arobaini. Saa ya kompyuta hii inasema saa tisa na dakika nne.

Nimepiga. Haipatikani. Nimepiga ya Chilumba, imeita, imeita mpaka mwisho, hakuna aliyepokea.

Imekaa sawa, anasema. Kama ulivyosema.

Labda jua lilitoka kule juu, likapasha tangi, yakachanganyika tena. Inawezekana. Labda ilizimika pale pale mwanzoni, kabla ya kona ya kwanza, na sasa wanamcheka. Labda ameshapanda zamani, amesimama na mtu wa Dar wanaongea habari za rali, na simu ameiacha kwenye koti. Mwanafunzi angeniandikia majibu matatu namna hii bila ushahidi hata mmoja ningeyapiga mstari mwekundu. Nimeitikisa chupa tena, nimeiweka chini, na mstari wa katikati umerudi mahali pake.

Dereva wa Landrova anapiga honi, anaita wa Newala. Nifunge ukurasa, niende. Nikifika nitasema yote, vyovyote nitakavyokuta. Hilo nimeliandika hapa ili nisiweze kulikana.

Simu inaita, iko kando ya chupa. Ni Mama Zuhura. Nangoja akate, kama kawaida yake.

Hakati.